Naombeni ushauri, mall gani Kinondoni inafaa kwenda na mama mzee?

Wakuu habari zenu, nimehamia Dar sio muda, nakaa Kijitonyama, sasa bi mkubwa anakuja kutoka Tabora wikiendi ijayo kucheki wajukuu na nataka nimtoe out kidogo tununue na viatu vya watoto vya shule, ila magoti yanamsumbua kwahiyo lifti iwe inafanya kazi kweli sio mapambo. Kuna sehemu moja nilienda Jumamosi ngazi ya umeme imezimwa, watu wanaipanda kwa miguu wamebeba mabegi na watoto mgongoni, na mlinzi anakuangalia tu, sasa mzee wangu pale si atanilaani jamani.

Najua wengi mtasema Mlimani City, sawa, kwa manispaa ipo Ubungo lakini kwangu ni karibu tu hapo Mwenge unapinda Sam Nujoma, nayo naipenda maana kwa chini kunazunguka bila ngazi nyingi, tatizo mwisho wa mwezi kupata parking ni vita. Slipway na Sea Cliff nasikia ni pazuri kwa upepo wa bahari ila bei za Masaki mnazijua wenyewe, huko labda tukale ice cream tu turudi. Shoppers Plaza pale Mikocheni je, viatu vya watoto vipo au ni supermarket zaidi?

Mwenye uzoefu anisaidie, na choo kikiwa karibu ni bora zaidi. Kariakoo msinitajie, kwa mama haiwezekani.