Naombeni ushauri: nimbadilishie mtoto kopo la maziwa?

Mama Kichanga: Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi miwili na nusu, anatumia maziwa ya kopo. Anacheua sana, na usiku gesi inamkunja mpaka uso unamwiva. Wifi anasema nibadilishe kopo, mama mkwe anasema nikithubutu ataharisha. Nishike la nani? Na nikibadilisha, nikate moja kwa moja au nichanganye?

Mama Pacha: Pole mwaya. Kucheua umri huo ni kawaida, mradi uzito unapanda na analowanisha nepi sita au zaidi kwa siku. Kabla hujanunua kopo, tazama chuchu ya chupa. Tundu likiwa kubwa maziwa yanamkimbiza, anagugumia na hewa juu. Wangu mmoja alitulia kwa kubadilishiwa chuchu tu.

BabaTatu: Kubadilisha kwenyewe hakuna hatari. Maziwa ya hatua ya kwanza, yaani ya vichanga, yanayotokana na ng'ombe yanakaribiana sana kwa virutubisho, hata makopo yajisifu vipi. Ukitaka kukata leo, kata. Ukiogopa, anza na chupa moja ya mapya, kesho mbili, hivyo hivyo. Cha kuangalia ni KIJIKO. Kuna kopo ambalo kijiko kimoja kinakwenda na mililita 30 za maji, jingine 60. Chota unga mpya kwa kijiko cha zamani uone: ama maziwa mazito yanayomfunga choo, ama mepesi yasiyomshibisha. Maji kwanza, unga baadaye, kijiko ukisawazishe kwa mgongo wa kisu, usishindilie.

Mama Kichanga: Asante baba. Na akitoa choo cha kijani?

Nesi wa Zamu: Kijani kisikutishe, maziwa yenye madini ya chuma hufanya hivyo. Ukibadilisha, mpe wiki moja hadi mbili. Ukirukaruka kila siku mbili hutajua kilichosaidia. Ila damu kwenye choo, ukurutu, au uzito kugoma kupanda, mpeleke kwa daktari. Huenda ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe. Akitapika kijani, usingoje kesho. Wenye mzio huo hukimbilia maziwa ya mbuzi, lakini protini zake zinafanana na za ng'ombe, hayasaidii. Ya soya nayo siyo kabla ya miezi sita, labda daktari aseme. Halafu unga wa kopo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, kwa hiyo WHO (Shirika la Afya Duniani) inataka maji yasiyopungua nyuzi joto 70 za Selsiasi wakati wa kukoroga, kisha uyapoze ndipo umpe. Yakikaa zaidi ya saa mbili tangu uyakoroge, mwaga.

Mama Kichanga: Basi naanza na chuchu. Kopo la wifi lisubiri kwanza 😄

Mama Pacha: Na umbeulishe katikati ya kunywa, si mwisho peke yake.