Ganda la risasi linagoma kutoka, bunduki ya AR-15
Wakuu, niko Texas, AR-15 yangu ikishapata moto ganda linabaki kwenye chemba (pale risasi inapokaa ikipigwa) halafu risasi mpya inakuja kuligonga kwa nyuma, magazini (kasha la risasi) nimebadili bado, tatizo nini?

— Mkuu toa magazini kwanza, vuta boliti (kile chuma kinachosukuma risasi chembani) hakikisha chemba haina kitu. Halafu sugua chemba kwa brashi yake, sio ile ya mtutu, masizi yakijaa ganda linanata.

— Cheki ekstrakta pia, ile ndoano ya kwenye boliti, springi yake ikichoka ndoano inateleza kwenye ganda.

— Angalia ukingo wa ganda. Umechanika? Basi ndoano inashika, ganda ndo limenata, shida iko chemba. Ukingo ukiwa mzima badilisha springi ya ndoano, bei ndogo tu. Na usichokonoe kwa bisibisi jamani, utakwaruza chemba!