Altaneta nimebadilisha, waya mkubwa bado unanuka kuungua

Dada_Salasala
Wakuu habari za jioni. Natumia IST. Taa ya betri iliwaka kwenye dashibodi, fundi akanifungia altaneta, ile inayochaji betri, ya mtumba. Mchana gari iko poa. Usiku nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, AC na waipa vinafanya kazi, taa zinafifia na inakuja harufu ya plastiki inayoungua. Nikifungua boneti naona ule waya mnene umelainika raba pale unapofungwa kwenye altaneta. Fundi anasema altaneta ni mbovu, nitafute nyingine. Nitoe hela tena?

Tandika_Boy
Mtumba ni pata potea dada, rudisha. Ila ijaribu kwanza: washa gari, chomoa betri. Ikizima, altaneta imekufa.

FundiWaya_Ilala
Tandika, usimponze dada wa watu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiichomoa injini ikiunguruma, volti zinapanda ghafla na zinaweza kuondoka na daiodi za ndani ya altaneta au kompyuta ya gari. Hayo mambo yaishie kwenye magari ya zamani ya dainamo.

Dada, usinunue kitu. Harufu inatoka kwenye kiungo, basi tuanzie hapo. Tafuta mita, iweke volti za DC. Gari inaunguruma, taa, AC na feni vimewashwa. Ncha moja gusa bolti yenyewe ya altaneta, siyo nati. Nyingine gusa chanya ya betri. Jihadhari na mkanda, mtandio usikaribie. Hizo ni volti zinazopotea njiani, zisizidi 0.3 hivi. Kisha pima bodi ya altaneta na hasi ya betri, isizidi 0.2.

Dada_Salasala
Kaka yangu kapima: 1.2. Upande wa bodi 0.05. Kumbe waya hauna hata kichwa, umeviringishwa kwenye bolti, nati juu, halafu tepu nyeusi!

FundiWaya_Ilala
Nilijua tu. Umeme ukipita ampea 50 hapo, mara 1.2 ni wati 60. Ni kama umewasha balbu ya taa kubwa ndani ya kile kiungo. Raba itaachaje kuyeyuka?

Toa hasi ya betri kwanza. Ile bolti ina umeme hata funguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa bodi utaona moto. Kata waya mpaka ukutane na shaba inayong'aa, maana kwa hewa yetu hii ya chumvi ukijani wa kutu unatambaa hadi ndani ya raba. Ukibaki mfupi, badilisha wote kwa unene uleule au zaidi, usiuvute ukakaza kama kamba ya kuanikia.

Nunua lagi ya shaba, ndicho hicho kichwa cha waya, tundu lake liingie kwenye bolti bila kucheza. Ibanwe kwa koleo lake, siyo nyundo. Kuna wanaochomea kwa risasi tu bila kubana. Kiungo kikipata joto risasi inalainika, mnarudi palepale. Ukishabana, uvute kwa nguvu. Ukichomoka, bora uchomokee mkononi mwako. Kisha mpira wa kusinyaa kwa moto.

Lagi ilale moja kwa moja kwenye kitako cha bolti, washa inakaa juu yake, halafu nati. Usikaze kama nati ya tairi: bolti ikizunguka unavunja kizuizi chake cha plastiki ndani, hapo ndipo utanunua altaneta kweli. Kofia ya raba irudi. Ile plagi ndogo ya altaneta isukume mpaka ilie "ka!", kikulabu kikiwa kimevunjika tafuta plagi nzima, habari za kuifunga kwa waya sizitaki.

Tandika_Boy
Nimekuelewa fundi. Hilo koleo napata wapi?

FundiWaya_Ilala
Kariakoo, ila uliza maduka ya vifaa vya umeme wa majumbani, kwenye spea za magari utazungushwa. Mafundi wa sola nao wanazo. Dada, ukimaliza pima tena kila kitu kikiwa kimewashwa, uweke namba hapa.