Manowari Königsberg kwa michoro: mbao za tabaka, mataruma au printa ya 3D?

Baharia wa Mezani:
Wakuu, habari za humu. Nimepata nakala ya michoro ya Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, halafu ikaenda kujificha Rufiji. Ni karatasi tatu za skeli ya 1:100: ubavuni, kutoka juu, na mikato ya mwili (umbo lake ukiikata kwa upana). Nataka kuijenga mwenyewe kuanzia mkuku (uti wa chini wa meli), sitaki boksi la vipande vya plastiki. Njia ninazoziona ni tatu: kubandika mbao tabaka kwa tabaka kisha kuchonga, kusimamisha mataruma (mbavu za meli) na kuyavika vibao vyembamba, au kuichora kwenye kompyuta na kuiprinti. Randa, patasi na msumeno mwembamba ninavyo. Ningependa ielee, ikiwezekana iendeshwe kwa rimoti. Mnashauri nini?

Mzee wa Randa:
Kijana, amua skeli kwanza, njia itafuata. Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2. Kwa 1:100 unapata sentimita 115 kwa 13. Kwa 1:200 ni 57.6 kwa 6.6, na hapo ndipo wengi hujidanganya wakidhani wamepunguza kazi nusu. Urefu ukigawanywa kwa mbili, uzito unagawanywa kwa nane. Tani 3,390 za meli halisi zinakuwa kilo 3.4 kwenye 1:100, lakini kwenye 1:200 ni gramu 424 tu. Ndani ya gramu hizo utie mwili, mota, betri, usukani, mizinga na rangi, ubakishe na ya farumi, ule uzito wa chini wa kuituliza meli. Mbao peke yake itazimaliza. Tena meli hii ni nyembamba, urefu wake unakaribia mara tisa ya upana, hivyo uzito ukikaa juu inalala ubavu. Ukitaka rimoti ni 1:100, basi. Ukitaka ya kabatini, hata 1:350 ni sentimita 33 na inapendeza.

Mama Rezini:
Shikamoo Mzee. Naunga mkono skeli, ila kwenye njia nitawatetea watu wa printa kidogo. Ukishaichora kwenye kompyuta, kushoto na kulia vinalingana kabisa bila kupima mara mbilimbili, na ukikosea unaprinti tena. Hata hivyo sitakuficha: kitanda cha printa nyingi za nyumbani ni kama sentimita 22, kwa hiyo mwili wa sentimita 115 ni vipande sita, na kila maungio ni mahali pa kuvuja na pa kupinda. Kusugua zile alama za tabaka ubavuni mwote ni kazi ileile ya msasa unayodhani umeikwepa. Na usitumie plastiki ya PLA kwa meli itakayokaa juani, inalegea. Plastiki ya PETG ni afadhali.
Mimi ningeiacha printa ifanye vitu vidogo: mizinga, mashua, matundu ya hewa, taa za msako. Hapo mkono wa binadamu haufui dafu.

Kalafati Mdogo:
Mataruma ndiyo njia ya heshima jamani! Unakata kila mkato kwenye plaiwudi, unaupanga juu ya mkuku, unavika vibao. Mwili unatoka mwepesi na ndani kuna nafasi tele ya betri.
Angalizo moja: angalia kama mistari ya mchoro ni ya nje ya mwili. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Ukivika vibao vya milimita 2, kila taruma lipunguzwe milimita 2 ukingoni, la sivyo meli inanenepa milimita 4 na hakuna kitu cha sitaha kitakachokaa mahali pake.

Mzee wa Randa:
Kalafati, njia yako ni nzuri kwa jahazi, ambako watu wanataka kuona vibao. Hii ni meli ya chuma. Vibao vyote utavipaka pati na kuvisugua mpaka visionekane kabisa. Uzuri wake unaufukia mwenyewe.

Kalafati Mdogo:
Hapo umenishika mzee wangu. Lakini kwa wepesi sijakubali.

Baharia wa Mezani:
Shikamoo Mzee. Basi nieleze hizo tabaka. Nikate kwa mistari gani?

Mzee wa Randa:
Marahaba. Kwenye mchoro wa kutoka juu utaona mistari iliyopinda, mmoja ndani ya mwingine. Hiyo ni mistari ya maji, kila mmoja ni umbo la meli kwa kimo chake. Unene wa mbao yako uwe sawa na nafasi kati ya mstari na mstari. Kama imepishana kwa mita 1, kwa 1:100 unahitaji mbao ya sentimita 1. Chagua mbao laini isiyo na vifundo. Kila ubao uchore mstari wa katikati na alama za mikato juu na chini, halafu toa tumbo la ndani kwa msumeno kabla ya kubandika. Ukibandika kwanza, utalia na patasi.

Gundi itie wino mweusi kidogo. Zikikauka unapata ngazi ubavuni, na kila kona ya ndani ya ngazi ndipo umbo sahihi lilipo. Piga randa ukiondoa kona za nje mpaka ule mstari mweusi uonekane mwembamba kama unywele. Hapo acha, shika msasa. Ukiendelea mstari utaanza kutanuka, ujue umeshakula mwili.

Kwenye Königsberg kuna mtego mmoja. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, haikukatwa wima, imechomoza mbele chini ya maji kwa mtindo wa zamani wa meli za kugongana. Kwingine ubao wa juu ni mpana kuliko wa chini, ila pale omoni wa chini ndio mrefu. Kwa hiyo kila ubao uukate kwa kufuata mstari ulio nje zaidi kati ya ule wa juu yake na ule wa chini yake. Ukifuata wa juu tu, ile pua utaikata na hairudi.

Mkazi wa Mikoko:
Wakuu, mbona hakuna aliyetaja njia ya wavivu? Jenga kuanzia usawa wa maji kwenda juu tu, uiweke kwenye mandhari ya Rufiji. Milingoti imeshushwa kileleni, matawi juu ya sitaha kuificha, mikoko kandokando. Chini ya maji hakuna wa kuona, kwa hiyo hakuna rafadha (pangaboi za kuisukuma meli), hakuna ile pua.
Na kama lazima ielee, fikiria adui zake, manowari za Waingereza Severn na Mersey, zilizoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Zilikuwa na mita 81 kwa 15, lakini ndani ya maji zilizama mita 1.7 tu, kwa sababu zilitengenezwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Tumbo ni bapa, plaiwudi inatosha. Kwa anayeanza ni rahisi mno kuliko Königsberg.

Fundi wa Mota:
Mkazi umesema kweli, Severn inaelea bila ubishi. Ila sura yake haina mvuto wa dohani (bomba za moshi) tatu za Königsberg.
Kwa Königsberg ya 1:100: rafadha mbili, mota mbili ndogo. Usiweke mota za boti za mashindano. Meli halisi ilikimbia noti 24, kama mita 12.3 kwa sekunde. Ili mawimbi yafanane, kasi inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha skeli, yaani kwa 10. Unapata mita 1.2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Zaidi ya hapo itaonekana kichekesho.

Mama Rezini:
Nyongeza ya mizinga. Ilikuwa 10 ya milimita 105: miwili sambamba omoni, miwili tezini (nyuma), mitatu kila ubavu. Mtutu ni kaliba 40, yaani mara 40 ya kipenyo chake, mita 4.2, kwako milimita 42. Uliopo Mombasa, Fort Jesus, karibu na ule wa Pegasus, unaweza kuupiga picha. Tazama mtutu tu, maana baada ya meli kuzama mizinga iliopolewa ikafungiwa magurudumu kwa vita vya nchi kavu. Ngao na kitako ufuate mchoro.

Mkaguzi wa Ramani:
Samahani nimechelewa. Baharia, kabla hujagusa mbao, pima karatasi. Kutoka ncha ya pua chini ya maji mpaka mwisho wa tezi ni sentimita ngapi? Halafu pima ile rula ya mita iliyochorwa chini, kwa urefu na kwa upana wa karatasi. Nakala huwa zinavutika.

Baharia wa Mezani:
Nimepima sasa hivi. Rula iko sawa pande zote, mita 10 ni sentimita 10 kamili. Meli ni sentimita 116.8, upana 13.3.

Mkaguzi wa Ramani:
Nilikuwa na wasiwasi huo. Karatasi haijavutika, basi hiyo siyo Königsberg. Ni mmoja wa dada zake, Nürnberg, Stuttgart au Stettin, zilizorefushwa kidogo. Tazama rafadha: zikiwa nne ni Stettin, iliyopewa mitambo ya tabaini (mapanga yanayozungushwa na mvuke). Zikiwa mbili ni mojawapo ya zile nyingine.

Baharia wa Mezani:
Ni mbili. Duh. Nikate sentimita moja na nusu katikati?

Mzee wa Randa:
Thubutu! Dohani, mizinga na mikato yote itahama. Ama tafuta michoro ya Königsberg yenyewe, ama jenga Nürnberg, iliyozama Visiwa vya Falkland Desemba 1914. Mbao haijui tofauti, pua ni ileile, na ushauri wote wa juu unabaki.

Baharia wa Mezani:
Mzee, moyo wangu uko Rufiji. Naendelea kutafuta karatasi. Mizinga nitaanza nayo, hiyo ni ileile.

Mama Rezini:
Njoo pembeni nikupe vipimo vya ngao.