Goti limenigomea jukwaani, naanzaje kufundisha?

Binti Dunda: Shikamooni wakubwa. Nimecheza jukwaani miaka 14 hapa Bagamoyo, ngoma za asili za sindimba na bugobogobo. Sasa goti la kushoto linavimba kila baada ya onyesho, usiku nalikanda kwa maji ya moto. Nimeombwa nifundishe watoto 20 na kuwatungia onyesho. Mwili unajua, mdomo haujui. Mtoto akiuliza "hapo unafanyaje?" nabaki kurudia tu. Nianzie wapi?

Mzee wa Magomeni: Marahaba mwanangu, pole sana. Anza na mdundo, si mguu. Wakae chini wapige makofi mpaka uwaingie, ndipo wasimame. Mimi nilionyesha huku nimewatazama, wiki nzima wakatoa mguu wa kinyume! Wape mgongo kwanza. Na ukimwambia mtoto "kata kiuno" atakaza mabega. Mwambie akunje magoti, kiuno kitafuata chenyewe.

Mama Pangani: Kutunga ni kuamua nani anaingia lini na anatokea upande gani. Chora mchangani kabla hujawaita. Mdogo wangu, hujashuka cheo. Arthur Mitchell alikuwa nyota wa baleti wa New York City Ballet, na mwaka 1969 akaanzisha kundi na shule ya Dance Theatre of Harlem pamoja na mwalimu wa baleti Karel Shook, akafundisha vijana wa Harlem, mtaa wa New York alikozaliwa.

Binti Dunda: Asanteni mno. Jumamosi naanza na makofi. Kijiti cha kuchorea nimeshaokota ufukweni.