"Mitigation" kortini ni kujitetea ama ni kuomba huruma tu?

kijana_wa_umoja: Wasee nisaidieni. Binamu yangu alikubali kosa la kumpiga jamaa kwa baa, pale korti ya Milimani, hakimu akamuuliza kama ana mitigesheni, yeye akanyamaza tu kama maji mtungini, akaambiwa arudi kesho ndio ahukumiwe. Mimi hilo neno nalijua la tabianchi, ule mkutano wa KICC 2023 redio zililiimba wiki nzima. Hii ya korti ni gani, na ashakubali kosa sasa atajitetea vipi??

mama_shiro: Neno ni lile lile bana, ni kupunguza makali. Kule wanapunguza moshi, huku unapunguziwa adhabu, kosa lenyewe linabaki palepale. Aseme ni kosa lake la kwanza, ana watoto wanamtegemea, anajuta, na kama alimlipia yule jamaa hospitali aende na risiti, risiti inaongea kuliko machozi. Mahakimu wamelia-liwa sana hao.

wakili_wa_mtaa: Hapo kwa kujuta nyoosheni vizuri. Kesho asianze "lakini mimi nilikuwa najikinga". Kuchokozwa ni mitigesheni, kujikinga ni utetezi kamili, maanake anasema hana hatia. Tangu kesi ya Adan ya 1973 mshtakiwa akiongea hivyo hakimu anafaa aandike amekana, na kesi inaenda kusikilizwa na mashahidi. Kama kweli alikuwa anajikinga basi aseme, hiyo ni haki yake, lakini asichanganye hizo mbili juu ya woga.

otis_k: Na msidhani ni maneno matupu. Desemba 2017 kwa kesi ya Muruatetu, Korti ya Juu ilisema kifo kuwa hukumu ya lazima kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Kwani jaji atasikiliza mitigesheni ya nini na mikono yake imefungwa? Watu wa wizi wa mabavu nao wakakimbilia hiyo, lakini 2021 korti ikafafanua ni mauaji pekee.

kijana_wa_umoja: Asanteni sana. Hospitali alilipa, risiti iko kwa wasapu ya mamake, asubuhi napitia saiba niiprinti kabla hatujapanda mat.

mama_shiro: Printi mbili. Na avae shati ya mikono mirefu.