Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba intaneti inabanwa makusudi, si msongamano tu?

Wakuu, mtandao ukizimwa kila mtu anaona. Kinachotuchanganya ni huku kupunguziwa kasi: meseji inapita, picha inagoma, na ukiwapigia huduma kwa wateja unaambiwa zima simu uiwashe. Waliowahi kubaini, mlipimaje?

Mdau wa 1:
Kipindi cha uchaguzi video ilikuwa haipandi hata ya sekunde chache, ila tovuti ya kupima spidi inasoma vizuri kabisa. Hapo nikashtuka. Nikawasha VPN (programu inayomficha mtoa huduma usiofungue nini) kwa laini ile ile, video ikapanda. Kwa kawaida VPN inapunguza kasi. Ikiongeza, ujue kuna mtu katikati anachagua cha kupitisha.

Mdau wa 2:
Naongezea hapo kwa mdau. Msitazame namba moja, tazameni grafu. Msongamano hupanda na kushuka, usiku wa manane unapungua. Ukibanwa kuna dari. Urusi ilipoibana Twitter Machi 2021, kasi iliganda kwenye kbps 130 hadi 150 hivi. Mitambo ilikuwa inasoma jina la tovuti mwanzoni mwa muunganisho, pale ambapo halijafichwa, na ikaagizwa ibane chochote chenye "t.co", anwani fupi ya viungo vya Twitter. Sasa zisomeni herufi za microsoft.com na reddit.com 😂 Nazo zikanaswa! Kipimo kinatokana na hapo hapo: seva moja, faili moja, badilisha jina unaloomba tu. Jina moja likitambaa na jingine likikimbia, hakuna wa kusingizia mkongo.

Mdau wa 3:
Sawa, lakini hiyo inafaa wakibagua. Kashmir, kule India, simu karibu zote zilibakizwa kwenye 2G tangu Januari 2020 hadi Februari 2021, VPN ingekusaidia nini? Hapo unalinganisha na siku za nyuma. Mtafiti Collin Anderson alifanya hivyo kwa Iran mwaka 2013, akitumia vipimo vya watu wa kawaida vilivyohifadhiwa na M-Lab, mradi wa kupima kasi ya intaneti. Mimi napima hata siku za amani na kuhifadhi picha ya skrini yenye saa.

Mdau wa 4:
Ulizeni kwanza aliye nje ya nchi, huenda seva ya programu yenyewe imelala. Na wanaotumia OONI Probe, programu ya kupima kama tovuti zinazuiwa, wajue matokeo yanawekwa hadharani, pamoja na mtandao uliotumia. Kuna nchi hiyo VPN yenyewe ni kesi.

Mleta mada:
Mdau wa 2, hicho kipimo cha kubadilisha jina kinafanyika kwenye simu au mpaka kompyuta?